Je, Wajua? Enzi za Intaneti ya Kupiga Simu, Kutoka Kitengela Hadi Kajiado

Kabla ya bando na kabla ya waifai ya mtaani, kompyuta ya Kitengela au Kajiado iliingia mtandaoni kwa njia moja: ilipiga simu. Ilimpigia mtoa huduma kama wewe unavyompigia shangazi yako, akapokea, na kampuni ya simu ikaanza kuhesabu dakika. Leo safu yetu inakuletea modemu, vivinjari vya kale na mbinu za kubana matumizi ambazo bado zina kazi katika Kaunti ya Kajiado. Twende.

LAINI, MSIMBO NA MITA

1. Je, wajua kuwa sensa ya 1999 ilipohesabu Wakenya wapatao milioni 28.7, laini za simu za mezani nchini zilikuwa karibu 300,000 tu? Hiyo ni takriban laini moja kwa kila watu 100. Bila laini hukuwa na intaneti nyumbani, hata kompyuta yako ingekuwa ya bei gani.

2. Msimbo wa simu wa Kajiado ulikuwa 0301, na wa Athi River, jirani ya Kitengela, 0150. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yote miwili iliingia chini ya 045, na Nairobi ikatoka 02 ikawa 020. Kompyuta iliyohifadhi namba ya mtoa huduma kwa msimbo wa zamani haikuunganisha tena mpaka mwenyewe aibadilishe kwa mkono.

3. Mji wa Kajiado uko karibu kilomita 80 kusini mwa Nairobi. Watoa huduma wengi waliweka mitambo yao Nairobi, Mombasa na miji mingine michache mikubwa, kwa hiyo mtu wa Kajiado aliyepiga Nairobi alitozwa simu ya masafa marefu. Alilipa mara mbili: ada ya mwezi kwa mtoa huduma, kisha dakika kwa kampuni ya simu. Hata alipokuwa anasoma ukurasa ambao umeshafunguka, mita haikusimama.

4. Je, wajua kwamba kila mteja alishika laini nzima ya mtoa huduma peke yake? Penye modemu 30 waliingia watu 30. Wa 31 alisikia mlio wa laini inayotumika, akakata, akajaribu tena. Ndiyo sababu wengi waliamka alfajiri kusoma barua pepe.

5. Nyumba yenye simu mbili kwenye laini moja ilihitaji maelewano. Mtoto akiinua mkono wa simu sebuleni, sauti yake iliingia katikati ya data na muunganisho ukakatika. Huduma ya kujulishwa kuwa kuna simu nyingine inayoingia ilileta balaa hilohilo.

6. Nyaya za shaba zilizopita juu ya nguzo kwenye mbuga zilibeba pia mshtuko wa radi. Radi ikipiga karibu na laini, modemu inaweza kuungua bila umeme wa nyumba kuguswa. Mwenye tahadhari alichomoa nyaya mbili mawingu yalipotanda: waya wa umeme na waya wa simu.

7. Shaba hiyo iliponza simu za mezani kwa njia nyingine pia. Wezi waliikata na kuiuza kama chuma chakavu, na maeneo mengi nchini yakabaki na nguzo zisizo na waya. Wakati huohuo simu za mkononi za Safaricom na Kencell, zilizoingia sokoni mwaka 2000, zilikuwa zinawafikia watu ambao hawakuwahi kuona nguzo ya simu karibu nao.

KUITAYARISHA KOMPYUTA

8. Mtoa huduma alikupa karatasi yenye mambo machache: namba ya kupiga, jina la mtumiaji, nenosiri, anwani za seva za DNS na majina ya seva za barua pepe. Ukikosea tarakimu moja ya DNS, modemu iliunganisha vizuri lakini kivinjari hakikupata tovuti hata moja. Watu wengi walilaumu laini bure.

9. Je, wajua kuwa Windows 3.1 haikuja na TCP/IP, yaani lugha ambayo kompyuta za intaneti huzungumza? Pengo hilo lilizibwa na programu ndogo iitwayo Trumpet Winsock, iliyoandikwa na Peter Tattam huko Tasmania, Australia. Bila programu ya namna hiyo, kivinjari kilifunguka lakini hakikuwa na mahali pa kwenda.

10. Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995 ikiwa na sehemu yake ya kupigia simu. Uliunda muunganisho mpya, ukaupa jina, ukachagua modemu, ukaandika msimbo na namba, kisha ukachagua itifaki ya PPP. Siri ya wajuzi ilikuwa kwenye orodha iliyofuata: waliacha alama kwenye TCP/IP pekee na kuiondoa kwenye NetBEUI na IPX, maana hizo mbili zilikuwa za mitandao ya ofisini. Waliondoa pia alama ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi. Muda wa kungoja baada ya kuunganishwa ulipungua palepale.

11. Modemu nyingi za dunia zilitii amri zinazoanza kwa herufi AT, zilizoletwa na Smartmodem ya kampuni ya Hayes mwaka 1981. ATDT iliiamuru modemu ipige kwa milio. ATDP ilipiga kwa mapigo, kama simu za kale za kuzungusha kidole, na iliwafaa waliokuwa kwenye vituo vya simu vya zamani. ATH ilikata.

12. Je, wajua kuwa mkato mmoja ulitatua tatizo la ofisi nyingi? Ofisi zenye ubao wa simu zilihitaji kubonyeza 9 kwanza, kisha kungoja laini ya nje. Ukiandika 9 na alama ya mkato kabla ya namba ya mtoa huduma, modemu ilitulia kwa sekunde 2 hivi, kisha ikaendelea.

13. Modemu iliyotengenezewa Marekani ilizoea mlio wa kupigia wa Marekani. Ikiletwa kwenye nchi yenye mlio tofauti, ilidai hakuna laini ilhali wewe unaisikia laini kwa sikio lako. Dawa ilikuwa amri ya X3, au kuondoa alama kwenye sehemu ya kuiambia modemu ingoje mlio. Ikapiga bila kuuliza.

14. Ile kelele ya modemu ilikuwa mazungumzo yenye mpangilio. Kwanza mlio wa kupigia, kisha milio ya tarakimu, kisha simu kuita upande wa pili. Modemu ya mtoa huduma ikipokea, ilitoa mlio mmoja mwembamba wa hezi 2,100. Kazi ya mlio huo ni kuviamuru vifaa vya kampuni ya simu vizime mitambo ya kuondoa mwangwi, ambayo humfaa mtu anayeongea lakini huvuruga data. Baada yake zilifuata sauti za kupimana: kila modemu ikitangaza uwezo wake, zote mbili zikichunguza ni masafa gani ya sauti yanapita safi na yapi yamechafuka. Mwisho kabisa ulisikia mvumo mzito, kisha kimya. Kimya hicho kilikuwa habari njema: umeingia.

15. Aliyetumia intaneti usiku wa manane bila kuamsha nyumba alijua amri ya M0. Ilizima spika ya modemu.

16. Kwa nini kasi iliishia kilobiti 56 kwa sekunde? Mtandao wa simu wa kidijitali huchukua sampuli 8,000 za sauti kila sekunde, na modemu iliweza kutegemea biti 7 kwa kila sampuli. Zidisha upate 56,000. Kasi hiyo, iliyowekewa kiwango cha V.90 mwaka 1998, ilitaka mtoa huduma awe ameunganishwa kidijitali moja kwa moja. Pakiwa na kituo cha zamani katikati, ulirudi kwenye 33.6 au chini yake.

KIVINJARI

17. Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990. Mosaic ilifuata 1993, Netscape Navigator Desemba 1994, na Internet Explorer Agosti 1995. Hiyo ya mwisho haikuwa ndani ya pakiti ya kwanza ya Windows 95 iliyouzwa madukani. Ilikuwa kwenye nyongeza iliyonunuliwa kando.

18. Je, wajua kuwa swichi iliyookoa pesa nyingi zaidi ilikuwa ya picha? Kwenye menyu ya Netscape uliondoa alama ya kupakia picha zenyewe. Ukurasa ulikuja maandishi matupu na visanduku vidogo pale picha zilipopaswa kuwa. Uliyoihitaji uliibofya, nyingine ukaziacha huko ziliko.

19. Hesabu hii fanya mwenyewe. Modemu ya kilobiti 28.8 ilileta baiti 3,600 kwa sekunde ikiwa laini haina kasoro. Picha ya kilobaiti 100 ilichukua karibu nusu dakika. Wimbo wa megabaiti 5 ulichukua dakika 23, na simu ikikatika ya 22, mara nyingi ulianza upya.

20. Kivinjari cha Opera kutoka Norway kilijivunia jambo moja miaka ya 1990: kilienea kwenye disketi moja ya megabaiti 1.44. Mtu angeweza kukichukua Nairobi, akakitia mfukoni na kukisakinisha Kajiado bila kutumia hata dakika moja ya simu.

21. Mbinu iliyopendwa na wengi ilikuwa kuandika kwanza na kupiga baadaye. Programu ya Pegasus Mail ya David Harris wa New Zealand ilikuruhusu kuandika barua zako zote bila muunganisho. Uliunganisha, barua zikatoka na nyingine kuingia, ukakata. Kivinjari nacho kilikuwa na hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, iliyokurudishia kurasa zilizokwisha kuhifadhiwa.

22. Je, wajua kuwa iliwezekana kusoma tovuti kwa barua pepe? Kituo cha fizikia cha ICTP mjini Trieste, Italia, kilianzisha www4mail kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zenye intaneti duni. Ulituma anwani ya ukurasa kwenye barua pepe, seva ikaufungua ukurasa huko Italia na kukurudishia maandishi yake kwa barua. Mwenye akaunti ya barua pepe pekee naye akafika kwenye maktaba za dunia.

23. Vitu vitatu unavyotumia leo vilizaliwa Netscape: vidakuzi mwaka 1994, lugha ya JavaScript ambayo Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwaka 1995, na usimbaji wa SSL, babu wa kile kikufuli unachokiona kando ya anwani ya benki.

NJIA YA DATA

24. Kikoa cha .ke kilisajiliwa mwaka 1993, Dkt. Shem Ochuodho akiwa msimamizi wake. Kituo alichokianzisha, ARCC, kilikuwa miongoni mwa waliofungua huduma za intaneti Kenya mwaka 1995.

25. Kabla ya hapo, shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi lilikuwa likipokea na kutuma barua pepe kwa mfumo wa FidoNet. Ujumbe ulikusanywa, simu ya kimataifa ikapigwa, mzigo ukabadilishwa, simu ikakatwa.

26. Africa Online ilianzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Huduma yake ilifika Kenya mwaka 1995.

27. Mwaka 1998 shirika la serikali la KPTC lilizindua Jambonet, njia kuu ya intaneti ya Kenya kwenda nje. Data ilipaa kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha ikashuka ng'ambo. Kwenda na kurudi pekee kulikula takriban nusu sekunde, kabla modemu yako haijaongeza ucheleweshaji wake.

28. Je, wajua kuwa barua pepe ya kutoka Kajiado kwenda Nairobi iliweza kupitia Marekani au Ulaya? Ikiwa mtumaji na mpokeaji walikuwa na watoa huduma tofauti, hapakuwa na mahali pa kukutana nchini. Watoa huduma walifungua kituo cha kubadilishana data cha KIXP Novemba 2000, lakini mamlaka ya mawasiliano ikakifunga baada ya wiki chache kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kuanzia hapo barua ya nyumbani ilianza kubaki nyumbani.

29. Kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010. Setilaiti ikaacha kuwa mlango mkuu wa Kenya.

KIVINJARI KIZEE LEO

30. Kompyuta ya zamani yenye Internet Explorer 6 ikiwashwa leo kwenye saiba ya Kitengela, tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Sababu si kasi. Tovuti za sasa hudai usimbaji wa TLS 1.2 au mpya zaidi, nacho kivinjari hicho kiliishia TLS 1.0.

31. Kabla hujaitupa kompyuta inayokataa kila tovuti, tazama saa yake. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na kivinjari huona vyeti vyote vya usalama kama vya siku zijazo. Rekebisha tarehe, weka betri mpya, kisha ujaribu tena.

32. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti za Let's Encrypt kiliisha muda. Simu na kompyuta za kale zikafungiwa nje siku hiyohiyo, ingawa vifaa vyenyewe vilikuwa vizima.

33. Msaada wa Netscape ulikoma 1 Machi 2008, wa Windows XP 8 Aprili 2014, na Internet Explorer ikastaafishwa 15 Juni 2022. Ukikuta kifaa cha namna hiyo kinafanya kazi, kitumie kuandika na kusoma. Usiingize humo nenosiri la benki wala la eCitizen, maana mianya yake inajulikana na haizibwi tena.

34. Intaneti ya kupiga simu ilidumu kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya AOL ya Marekani ilizima yake tarehe 30 Septemba 2025.

KAUNTI YETU SASA

35. Sensa ya 2009 ilikuta watu takriban 58,000 Kitengela. Ya 2019 ilikuta zaidi ya 150,000. Wengi wa waliohamia hapo katika miaka hiyo 10 waliijua intaneti kupitia simu ya mkononi, wala hawajawahi kusikia modemu ikipiga kelele.

36. Je, wajua kuwa wazo la kuzima picha halikufa? Opera Mini, iliyoanza Norway mwaka 2005 na kuenea duniani 2006, hupitisha ukurasa kwenye seva za Opera kwanza, ukabanwa, kisha ukaletwa kwenye simu ukiwa umepungua hadi sehemu ndogo ya uzito wake. Wakenya wengi waliokuwa na simu za vitufe waliingia mtandaoni kwa mlango huo.

37. Mwaka 2013 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilichangisha fedha za kutengeneza modemu yenye betri ya saa 8, ili umeme ukipotea muunganisho ubaki. Wahandisi wake walianza na hali halisi ya hapa, wakajenga kifaa kinachoifuata.

38. Ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi huzidi megabaiti 2. Kwa modemu ya 28.8 huo ni mzigo wa dakika 9. Kwa mfugaji aliye mbali na Barabara ya Namanga, mahali ambapo mawimbi yanakuja na kupotea, ukurasa huo unaweza usifunguke kabisa, na bando lake likaliwa hata hivyo.

39. Kwa hiyo, msomaji, fanya mambo matatu leo. Washa hali ya kubana data kwenye kivinjari chako, na zuia video kujicheza zenyewe. Ukurasa wa fomu ya basari au ratiba ya kliniki uhifadhi kwenye simu ukiwa mahali penye mtandao mzuri, uusome ukiwa nyumbani.

40. Nanyi mnaojenga tovuti za shule, zahanati, vyama vya ushirika na ofisi za kaunti, tunawaomba hivi: punguzeni picha, toeni video za mbwembwe kwenye ukurasa wa mbele, andikeni tangazo kama maandishi badala ya kulipiga picha, kisha lijaribuni kwenye simu ya bei nafuu mkiwa mbali na mji kabla ya kulitoa. Wajenzi wa miaka ya 1990 waliandika kurasa zilizopita kwenye waya wa shaba uliochoka. Mkazi wa Kajiado anayelipia kila megabaiti anastahili uangalifu huohuo.